Picha za 600mm zinapoteza ukali kuanzia saa 4 asubuhi: ni lenzi, ni gari au ni hewa?

#1 Swala wa Mkata
Wakuu habari zenu. Naanza na msimamo wangu kabisa: hizi zumu za 150–600 za bei ya kati ni lenzi za asubuhi na jioni tu, mchana hazifai, na wauzaji wanalijua hilo ila wananyamaza.

Kamera ni ya sensa ndogo (1.5), megapikseli 24. Lenzi kwenye 600, f/6.3, shata 1/1600, ISO 400, fokasi ya nukta moja. Sehemu ni Mikumi, uwanda wa Mkata, gari limezimwa, lenzi imelazwa kwenye paa lililofunguliwa. Saa 1 asubuhi manyoya ya swala pala unayahesabu. Saa 5, kundi lilelile, umbali wa kama mita 200, mipangilio haijaguswa: pembe zimevimba, jicho limekuwa doa, manyoya yameshikana kama yamepakwa uji.

Anayebisha kwamba ni lenzi aje na hoja.

#2 Kisiki cha Mpingo
Hewa. Uzi ufungwe.

#3 Fundi Shata
Mkuu #2 punguza spidi, tuondoe kwanza vilivyo rahisi kuondoa.

Kwa sensa hiyo, 600mm na f/6.3, kina cha fokasi (eneo la mbele na nyuma linalotoka kali) ukiwa mita 10 ni sentimita 7 hivi. Mita 30 ni sentimita 60 na ushee. Mita 200 ni karibu mita 28. Kwa hiyo pale alipo huyo swala, yeye mzima na mwenzake wa nyuma na kichaka cha mbele wote wamo ndani. Fokasi ingekosea mita tano usingejua. Habari ya "umekosa jicho" ni ya ndege wa mita 10, siyo ya swala huyu.

Apacha (tundu la lenzi, hiyo namba ya f) nayo siilaumu, f/6.3 kwa pikseli za ukubwa huo bado iko salama. Ukifunga hadi f/13 hapo ndipo nukta ya mwanga inatanuka kiasi cha kufunika pikseli nne na zaidi kwa upana. Wale wa kufunga kikuzaji cha 2x nyuma ya lenzi ya f/6.3 wanaishia hapo hapo kwenye f/13, halafu wanalalamika.

Vimebaki vitatu: mtikisiko, kioo na hewa. Fungua faili kwa asilimia 100. Kingo zote zikiwa zimerudiwa mara mbili kuelekea upande mmoja, ni mtikisiko. Picha nzima ikiwa na ulaini unaofanana, na kila fremu iko hivyo hivyo, tazama kioo: lenzi au filta. Kama fremu za mfululizo hazifanani, hii ina afadhali, ile imeharibika vingine, ni hewa.

#4 Mama Tausi
Kabla ya yote, mleta mada weka faili lenyewe. Hiyo uliyobandika ina kilobaiti 90, imepita WhatsApp. Hapo hata tembo angekuwa uji.

#5 Swala wa Mkata
Dada Tausi nimekusikia, faili la RAW (ghafi, kama lilivyotoka kwenye kamera) nimeweka kwenye kiungo.

Fundi, kingo hazijarudiwa. Kwenye mfululizo mmoja kuna fremu ambayo pembe ya kushoto imenyooka na ya kulia imepinda, inayofuata ni kinyume chake. Majani ya mbele nayo yana mawimbi.

#6 Kisiki cha Mpingo
Mnaona.

#7 Mzee wa Pikseli
Kisiki kapatia, ila hakueleza kwa nini, na sababu ndiyo inayokuonyesha la kufanya.

Hewa ya moto ni nyepesi, inapinda mwanga kidogo kuliko hewa ya baridi. Nyuzi moja ya joto inabadilisha kipimo hicho kwa sehemu moja hivi katika milioni. Inaonekana si kitu. Sasa piga hesabu upande wa kamera: kwa megapikseli 24 za sensa ndogo na 600mm, pikseli moja kwa mita 200 inafunika milimita 1.3 tu za mnyama. Mwanga ukisogezwa milimita 5 kule kwa swala, pikseli nne zimechanganyikana. Na Mkata ni udongo mweusi wa mbuga, unanyonya jua kweli kweli. Kufika saa 4 ardhi ina joto kuliko hewa iliyo juu yake, mapovu ya hewa moto yanapanda, ya baridi yanashuka, na wewe unapiga picha kupitia humo, mita 200 zote.

Lenzi ya mamilioni nayo ingeona hivyo hivyo. Tena ingeona vizuri zaidi jinsi hewa ilivyoharibika.

#8 Chunga Vumbi
Suluhisho lipo. Panda hadi 1/4000. Hewa inacheza, wewe igandishe. Mbona watu wanapiga duma anakimbia kwa 1/3200 na anatoka vizuri?

#9 Fundi Shata
Chunga hapo unachanganya. Duma anayekimbia ni kitu kizima kinachohama, ukikigandisha unakipata. Hewa haihamishi tu picha, inaipinda. Ukiigandisha umegandisha mpindo. Kutoka 1/1600 hadi 1/4000 umetoka ISO 400 kwenda 1000, umeongeza chenga za picha, na mpindo uko pale pale.

Shata ya haraka ina faida moja: mfululizo mrefu wa fremu, kila moja na hewa yake, na katika nyingi zinaweza kutoka chache ambazo hewa ilitulia nukta ile. Kwa shata ya polepole, 1/200 tuseme, mipindo mingi inarundikana ndani ya fremu moja na zote zinalingana kwa ubaya. Kwa hiyo tumia mfululizo, chagua moja, futa zilizobaki. Na tumia shata ya mitambo. Shata ya kielektroniki kwenye kamera nyingi za kawaida inasoma sensa mstari kwa mstari, juu na chini havipigwi wakati mmoja, mpindo unazidi.

#10 Chunga Vumbi
Kumbe nasi tunakubaliana, nilisema haraka isaidie, wewe umesema inasaidia. 😂

#11 Dereva wa Zamani
Mnaongea ardhi tu, gari mmelisahau. Injini imezimwa, sawa, lakini boneti bado ni jiko kwa muda mrefu. Paa la bati limeanikwa tangu alfajiri. Mteja anataka nimwelekezee pua ya gari kwa mnyama, halafu anapiga juu ya boneti. Lenzi inatazama kupitia hewa inayochemka mita moja mbele yake.

Wapigapicha wanaojua huomba gari liwekwe ubavu, mnyama awe upande wa dirisha au upande wa nyuma, na upepo uwe unatoka kwa mnyama kuja kwenye gari au unakatiza. Upepo ukitoka kwenye boneti kuja kwenye lenzi, hamna picha hapo.

Asubuhi na mapema shida inageuka. Ndani ya gari kuna joto la hita na pumzi za watu, nje baridi, hasa kule kreta ya Ngorongoro. Ukifungua dirisha na kupiga hapo hapo, hewa ya ndani inamwagika nje mbele ya lenzi. Fungua madirisha yote dakika kumi kabla, wavae masweta.

#12 Mzee wa Pikseli
Dereva kaongeza kitu kikubwa. Hewa iliyovurugika karibu na lenzi inaharibu kuliko ile iliyo karibu na mnyama. Mwanga ukipindwa kule mbali karibu na swala, umekosea hatua chache tu kutoka mahali ulipotoka. Ukipindwa mlangoni kwa lenzi, kosa hilo linahesabika kwa umbali wote. Ndiyo maana boneti moja inaweza kushinda uwanda mzima wa moto.

#13 Kisiki cha Mpingo
Hapo sikubali moja kwa moja. Kama boneti ndiyo kubwa, mnyama wa mita 30 angeharibika kama wa mita 200, maana boneti ni ile ile. Mbona wa mita 30 saa 6 mchana anatoka safi?

#14 Mzee wa Pikseli
Wa mita 30 amejaa kwenye fremu, mpindo uleule unapotea ndani ya maumbo makubwa. Swala wa mita 200 anachukua kama moja ya sita ya upana, pikseli elfu moja hivi, halafu unamkata na kumkuza. Unakuza na kosa.

#15 Kisiki cha Mpingo
Nusu nimekubali.

#16 Mtoto wa Amboseli
Wazee hamjambo. Nawasoma kutoka Kenya. Amboseli hii ndiyo shule yenyewe. Lile ziwa la zamani ni sakafu kavu nyeupe karibu mwaka mzima, hujaa tu mvua ikizidi. Ukisimama pale saa 5, mazigazi yanaonekana kwa macho, tembo anakuja akiwa hana miguu. Lakini ukigeuza lenzi upande wa kinamasi cha Enkongo Narok, saa ileile, jua lilelile, umbali uleule, mambo si mabaya vile, kwa sababu nyasi mbichi na maji hazipati joto kama ile sakafu.

Kwa hiyo mwenye uzi asiulize tu saa ngapi. Aulize kati yangu na mnyama kuna nini: udongo mtupu, lami, mawe, ama nyasi? Na mawingu yakifunika jua kwa robo saa, rudi upige.

#17 Nyamera
Sijaona aliyegusa filta. Hiyo lenzi ina mdomo wa kufungia filta wa milimita 95, filta nzuri ya ukubwa huo ni ghali, kwa hiyo watu hununua ya bei ya soda. Kioo chake hakiko bapa kikamilifu, na kwa 600mm kasoro ndogo inakuzwa. Dalili yake: vitu vilivyo nje ya fokasi, mfano vijiti vya nyuma, vinatokea mara mbili na kingo ngumu. Ngoa, piga, rudisha, piga. Sensa za kidijitali zina kichujio chao cha UV ndani, ya mbele ni ya kinga tu, na hudi (kikinga jua cha mbele ya lenzi) inakinga vya kutosha.

#18 Chunga Vumbi
Hudi yenyewe wengine wanasema iondolewe mchana, inafungia hewa ya moto ndani yake.

#19 Nyamera
Ukiiondoa unapata mwanga wa pembeni unaopauka. Chagua unachotaka kulia nacho. Mimi nabaki na hudi, ila lenzi isiachwe juani kati ya picha na picha, ifunikwe kitambaa cheupe.

#20 Ngiri Mkavu
Naona wote mmeng'ang'ania hewa, mtikisiko mmeuachia kirahisi sana. Mtu akihama kiti ndani ya gari, gari lote linayumba kwenye springi zake. Lenzi "imelazwa kwenye paa", juu ya nini? Bati tupu? Sweta? Upepo wa mchana unapiga hudi ndefu kama ile. Tena kizuia mtikisiko kikiwa kimewashwa huku lenzi imetulia kabisa, baadhi ya lenzi za zamani zinaanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo, picha inaelea. Kingo hazirudiwi, zinalainika tu.

Mto wa maharage ndio dawa. Kitambaa kigumu, zipu, kilo 3 hivi za maharage, uwe umejaa kama theluthi mbili ili lenzi izame. Ukijaza sana inateleza.

#21 Mama Tausi
Mchele unakumbatia lenzi kuliko maharage.

#22 Ngiri Mkavu
Na unapata fukusi haraka kuliko maharage. Anayesafiri kwa ndege abebe mfuko mtupu, anunue maharage sokoni Morogoro, siku ya mwisho awapikie.

#23 Fundi Shata
Ngiri hoja ya kizuia mtikisiko ni kweli kwa lenzi za zamani, nyingi za sasa zinatambua zikitulia. Ila mtikisiko hauwezi kunyoosha pembe moja na kupinda nyingine kwenye kichwa hicho hicho (#5). Hapo umekwama.

#24 Ngiri Mkavu
Sijasema hewa haipo. Nasema hewa isipewe lawama za wote. Asubuhi upepo hakuna, abiria wamekaa kimya kwa baridi. Mchana wamechoka, wanageukageuka. Saa ileile ya joto ndiyo saa ya vurugu ndani ya gari. Utazitenganishaje?

#25 Bonde la Ufa
Dawa ni kupanda juu. Hifadhi za TANAPA za nyanda za juu kama Ngorongoro hazina shida hii, hewa ni nyembamba na baridi. Au nenda Ruaha ambayo ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini, utapata wanyama karibu bila kuhangaika na mita 200.

#26 Dereva wa Zamani
Masahihisho mawili, kaka. Ngorongoro haiko chini ya TANAPA, ina mamlaka yake, NCAA. Na Ruaha ilipitwa 2019 ilipoundwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kutoka Selous. Nyerere ina kilomita za mraba zaidi ya elfu 30, Ruaha ni elfu 20 na kidogo.

Sakafu ya kreta iko kama mita 1,800, baridi ya asubuhi ni kweli, lakini kufika saa 5 faru wa mbali anayeyuka kama huyo swala. Faru wa kule mara nyingi yuko mbali, na kutoka barabarani hairuhusiwi.

#27 Mzee wa Pikseli
Nyongeza: hewa nyembamba ina maana jua linapiga ardhi kwa nguvu zaidi na usiku ardhi inapoa zaidi. Kinachovuruga ni tofauti ya joto kati ya ardhi na hewa, siyo joto lenyewe. Baridi haikuokoi.

#28 Bonde la Ufa
Sawa wakuu, ahsanteni. Lakini vumbi je? Ndutu, kusini mwa Serengeti, Februari vumbi lile ni la namna yake.

#29 Nyamera
Tambarare zile za nyasi fupi zimejengwa na majivu ya volkano, ya Ol Doinyo Lengai yakiwemo. Laini sana, linaingia kwenye pete ya zumu na kwenye sensa. Usibadilishe lenzi gari likiwa wazi. Pulizia kwa pampu ya mpira kwanza, kitambaa baadaye. Ukianza na kitambaa unapiga msasa.

Ila vumbi na mazigazi ni vitu viwili. Vumbi na moshi wa Agosti hupausha rangi na kuondoa weusi, kingo zinabaki mahali pake. Hilo kitelezi cha kuondoa ukungu kwenye programu kinalirekebisha, filta ya polaraiza nayo husaidia kidogo, japo inakula karibu stopu moja na nusu (stopu moja ni nusu ya mwanga). Mazigazi yanahamisha kingo, hakuna kitelezi cha kurudisha pembe iliyohama.

#30 Mtoto wa Amboseli
Nami niulize, mbona mnataka kuyaondoa? Tembo asiye na miguu ni picha. Weka 600, tafuta mnyama wa mbali zaidi, mita 500 hata kilomita, shuka chini kadiri dirisha linavyoruhusu maana mawimbi ni makali karibu na ardhi, f/8, na umweke mdogo kwenye fremu juu ya mstari wa upeo. Ongeza mwanga theluthi mbili ya stopu, sakafu nyeupe inaidanganya kamera. Weka nyeusi na nyeupe. Anayetaka manyoya aje saa 12 na nusu asubuhi.

#31 Kisiki cha Mpingo
Tembo mwenye mawimbi ni sanaa, swala mwenye mawimbi ni uji. Tofauti ni bei ya kuingilia getini.

#32 Mama Tausi
😂😂 Kisiki!

Mimi mchana naona heri maua. Hifadhi ya Kitulo kuanzia Desemba hadi Aprili, unapiga kutoka sentimita 40, hewa kati yako na okidi haina muda wa kuharibu kitu. Kule adui ni upepo. f/11, shata isipungue 1/250, waya mgumu wenye kibanio kushikilia shina sentimita kadhaa chini ya ua, na mwamvuli mweupe wa kukata jua. Kubana shina kwa nguvu kunalivunja, kibanio kifungwe sponji.

#33 Pweza
Huku pwani tuna namna yetu. Lenzi inatoka kwenye chumba cha kiyoyozi, unafika msitu wa Jozani, Zanzibar, kupiga kima punju, ulaini picha nzima. Hiyo siyo hewa ya mbali, ni umande juu ya kioo. Usiufute, utarudi. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa nje ya kiyoyozi ipate joto taratibu. Umande ukiwa ndani ya lenzi, kaa nayo pakavu na silika (vipakiti vya kunyonya unyevu), la sivyo kuvu.

#34 Swala wa Mkata
Wakuu shukrani. Nimerudi Mkata kupima. Filta imetolewa, mto wa maharage, gari ubavu, abiria wametulia, kizuia mtikisiko kimezimwa.

Kwa mita 30 mchana: ukali umeongezeka wazi baada ya kutoa filta, Nyamera chukua pointi. Kwa mita 200 juu ya udongo mtupu: ni vilevile, fremu chache tu kwenye mfululizo ndizo zinafaa. Kwa mita 200 juu ya majani mabichi karibu na bwawa la viboko: nafuu, ila si kama asubuhi. Gari likigeuzwa pua mbele: mbaya zaidi, Dereva naye chukua pointi.

Lakini kuna jipya. Upande wa kushoto wa fremu ni laini kidogo hata asubuhi, hata mita 30. Kwa hiyo lenzi yangu bado ina kesi.

#35 Ngiri Mkavu
Umebadilisha vitu vitano kwa mpigo, halafu unagawa pointi. Mto na filta viliingia siku moja. Utajuaje kwamba ukali wa mita 30 ni wa filta na siyo wa mto?

#36 Nyamera
Kwa sababu vijiti vya nyuma havijirudii tena. Mto haurekebishi vijiti.

#37 Fundi Shata
Upande wa kushoto: inawezekana kipande kimoja cha kioo ndani hakijakaa katikati, inawezekana pia ulikuwa hujasimama sambamba na ulichopiga. Pima hivi. Tafuta ukuta wa matofali, kamera kwenye tripodi, 600mm, f/6.3, kipima muda cha sekunde 10. Piga. Halafu pindua kamera, juu iwe chini, piga ukuta uleule bila kusogeza tripodi. Kama ulaini umehamia upande mwingine wa ukuta, umefuata lenzi, ipeleke kwa fundi. Kama umebaki kwa matofali yaleyale, ni wewe ulisimama upogo.

#38 Swala wa Mkata
Ukuta uwe umbali gani?

#39 Fundi Shata
Mita 20 hivi, kivulini, saa 12 na nusu asubuhi. Na usitumie ukuta wa jikoni, unatoa joto lake.